Maji Yaliyozoleka

Kama kuna kitu kisichosikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini, ni mkono uliozoea. Mdomo unaweza kuukanya, mguu unaweza kuurudisha nyuma, lakini mkono uliozoea hauna adabu: unafanya yake kwanza, mwenyewe unakuja kujua baadaye. Na huyu Msusi ninayetaka kumsimulia alikuwa na mkono wa kuume uliozoea jambo moja, kumwaga beseni la maji nje ya mlango.

Lakini tusimlaumu mapema. Maisha yake yote ya kazi alikuwa na saluni ya chumba kimoja, mlango ukitazamana na barabara ya vumbi. Ukimwosha mteja nywele, maji unayapokea kwa beseni. Ukimaliza unageuka, unayarusha nje, vumbi linatulia, unarudi kwa mteja. Msusi aliyafanya hayo bila kutazama na bila kukatiza umbea. Hakuna mpita njia aliyewahi kulowa, maana mtaa mzima ulishajua kwamba ukikaribia mlango ule unavuka upande wa pili.

Saluni hiyo haikuwepo tena. Mwenye nyumba alikitaka chumba chake, akakichukua. Ikaangukia kwamba siku zile zile mumewe naye alikuwa ameacha kazi ya kuendesha malori ya masafa. Mume huyu watu walimwita Breki, kwa sababu aliendesha kwa utaratibu wa kuudhi na hakuwahi kugusa gari la mtu. Walikuwa wameoana zamani, wamezaa, wamesomesha, wameoza, lakini ukizikusanya siku walizolala kitanda kimoja, ndoa yenyewe ilikuwa bado changa. Breki alikuwa mtu wa kuja na zawadi na kuondoka na nguo safi. Msusi alipenda kuwaambia mashoga zake kwamba yeye ameolewa na honi. Alisema huku anacheka, na wenye masikio walisikia kilichokuwa nyuma ya kicheko.

Basi wakanunua basi dogo kuukuu, wakang'oa viti, wakaligeuza nyumba. Nyuma kitanda, katikati jiko la gesi na kijichoo ambacho ukikaa magoti yanagusa mlango, na mbele, karibu na ngazi, kiti cha saluni na sinki la kuoshea nywele. Penye harusi walikwenda, penye wateja wakaegesha. Mchana Msusi anasuka, Breki anapika, na kwa kweli alipika vizuri kuliko mkewe, ingawa hilo halikusemwa kwa sauti.

Ila nyumba ya magurudumu ina jambo ambalo nyumba ya matofali hukuficha: maji yako yote machafu unasafiri nayo. Unapiga mswaki, unatembea na mate yako. Unaosha sahani, unatembea na mapovu. Chini ya sakafu kulikuwa na tangi linalopokea maji ya sinki na ya kuogea, na ubavuni kulikuwa na kasha la choo lenye mpini, unalichomoa kama sanduku la safari. Vikijaa, sharti vimwagwe, na swali la vimwagwe wapi ndilo lililowafukuzisha mahali pa kwanza.

Huko walikuwa wameegesha nyuma ya nyumba ya wageni. Breki akaona mtaro wa zege, akasema mtaro ni mtaro, akalegeza koki ya tangi. Kumbe ule ulikuwa mtaro wa mvua. Mtaro wa mvua hauendi kwenye shimo lolote la maji taka, unakwenda mtoni vile vile ulivyopokea, na huu wa pale ulipitia kwanza bwawa la samaki la jirani. Asubuhi bwawa lilikuwa na povu kama siku ya kufua, na samaki kadhaa wamelala ubavu. Breki aliomba radhi mpaka mate yakamkauka. Waliondolewa pale kabla chai haijachemka.

Tangu siku hiyo Breki akawa mlokole wa maji machafu. Aliweka kichujio kwenye sinki kinase nywele zote. Sahani zilifutwa kwa karatasi kwanza, ndipo zioshwe. Mpira wa maji safi na mpira wa maji machafu haikuruhusiwa hata kulala kabati moja. Na kila alipofika mahali, kabla ya kuuliza duka liko wapi, aliuliza maji taka yanamwagwa wapi, tena kwa sauti ya mtu anayeulizia nyumba ya ibada. Msusi alimtania sana kwa hilo.

Lakini pia Breki alikuwa amesema neno ambalo halikuwa la utani. Walipokuwa wakiondoka kule kwenye bwawa, macho yake barabarani, alisema, "Tukifukuzwa tena, mke wangu, mimi nampigia bosi. Hatuwezi kuzeeka tunafukuzwa."

Bosi wake wa zamani alikuwa akimtaka arudi, ampe lori jipya, njia ndefu kuliko zote. Alitaka jibu wiki hiyo. Msusi alisema "haya," kisha akageukia dirishani ili mumewe asiuone uso wake. Breki kurudi barabarani maana yake yeye kurudi kuolewa na honi. Katika muda ule mfupi wa kuishi pamoja alikuwa amegundua kwamba mumewe hukoroma kwa zamu, kwamba husimulia ndoto zake kabla ya kunawa uso, na kwamba anampenda kuliko alivyokuwa akikumbuka. Mtu ndiyo kwanza amempata, halafu ampoteze kwa sababu ya maji ya sabuni?

Ndipo wakafika kambi ya Sista.

Ilikuwa kiwanja cha majani chini ya kilima, safi kama kitanda kilichotandikwa, na kijito kikipita pembeni. Mwenyewe alikuwa muuguzi mkuu wa wodi enzi zake, na ingawa wodi aliiacha, jina la Sista halikumwacha. Wenye kambi wengine hukuonyesha kwanza kivuli. Sista aliwaonyesha kwanza shimo. Lilikuwa juu kidogo, mbali na kijito, lina sakafu ya zege iliyoinama kuelekea katikati, mfuniko wa chuma, na bomba la kusuuzia pembeni.

"Ya choo na ya sinki, yote humu," alisema. "Ukimaliza unasuuza, unafunika. Tone moja likienda kwenye majani yangu mnafunga virago. Hapo chini kuna watu wanachota maji ya kijito hiki, na kuna kitalu cha miche. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Sista," alisema Breki, na macho yake yalilegea kwa mapenzi alipouona ule mfuniko.

"Na huyu ni Meneja," Sista akaongeza, akimwonyesha bata bukini mkubwa, mweupe pe, aliyekuwa anawajia na shingo mbele. "Anazunguka. Msimpe mkate."

Basi wakaegesha karibu na kijito, mahali pazuri kuliko pote, na wateja wakaanza kuja, maana msimu wa harusi ulikuwa umekaribia. Kila asubuhi Breki alivaa glavu, akajaza pipa la magurudumu, akalisukuma mpaka shimoni akipiga mluzi. Mambo yalikuwa shwari. Na mambo yakiwa shwari, ndipo mkono unapopata nafasi.

Siku yenyewe Breki alikuwa anakwenda mjini kuchukua mtungi wa gesi. Alishuka ngazi, akapanda tena. "Tangi limejaa, taa nyekundu imeshawaka. Usifungulie sinki mpaka nirudi nimwage."

"Nimesikia."

"Umesikia kweli, au umesikia ya kunifukuza?"

"Baba Watoto, nenda. Nimesikia zote mbili."

Hajafika hata getini, Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani akaingia. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwanawe anaoa Jumamosi, na mvi zilikuwa zimemvamia bila hodi. Alitaka rangi. Alitaka damu ya mzee, nyekundu ya kuiva, ili mama wa bibi harusi atakapomwona ajue amekutana na mtu. Tena alitaka leo, maana kesho ana kikao.

Msusi akaitazama ile taa nyekundu. Akafikiri vizuri kabisa, jamani, nataka ijulikane kwamba alifikiri. Akasema sinki halitaguswa: atamsuuza kwa jagi, maji atayapokea kwa beseni, beseni litakaa chini ya meza mpaka Breki arudi. Akapaka rangi, wakangoja ikolee, akaanza kusuuza. Maji yakajaa beseni, mekundu kama juisi ya komamanga. Na Mwalimu naye, katika umbea wake wa harusi, akawa amefika penyewe.

"Unajua huyo mama wa bibi harusi aliniambia nini kuhusu keki?" akauliza, macho kayafumba, kichwa nyuma.

"Alikuambia nini?" Msusi akauliza, huku ameinua beseni.

"Aliniambia keki ataoka yeye, kwa sababu yangu ile ya mwaka juzi..."

Mkono wa kuume ukageuka, ukarusha. Maji yakatoka mlangoni yote, kwa upinde ule ule mzuri wa miaka yote. Yalipotua hayakutoa mlio wa maji kutua kwenye udongo. Kulitoka mlio kama wa tarumbeta iliyokanyagwa.

Msusi akabaki ameshika beseni tupu. Kwanza aliutazama mkono wake. Kisha akachungulia nje.

Meneja alikuwa amesimama chini ya ngazi, mabawa kayatandaza, shingo kainyoosha. Kuanzia kifuani kurudi nyuma hakuwa mweupe tena. Alikuwa damu ya mzee.

"Kumetokea nini?" akauliza Mwalimu.

"Nimekwisha," alisema Msusi.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakumwona Msusi siku ile. Aliona ulimi mwekundu wa maji unateremka polepole kwenye majani kuelekea mfereji, na mfereji ule unaingia kijitoni, na kijitoni kuna watu wanachota. Hapo hata Meneja alimsahau. Aliruka ngazi zote, akachukua mataulo ya saluni, akayakunja, akayalaza mbele ya maji kama ukuta. Mwalimu Mkuu naye akashuka, nywele zinachuruzika mabegani, akaona pengo upande mmoja, akaliziba kwa mguu wake pamoja na kiatu.

"Nimekushikia, mama. Chimba."

Msusi akachukua beleshi, akakwangua udongo wote uliolowa, na majani yake, na rangi yake, akautia kwenye ndoo. Ndoo ikajaa, akaleta karai. Mataulo akayakamua ndani ya sufuria. Alichimba mpaka akafika kwenye udongo mkavu usio na dalili ya wekundu, akachimba na kidogo zaidi kwa ajili ya roho yake. Jasho lilimtoka mpaka kwenye viwiko. Kwenye mfereji hakukufika kitu.

Ikabaki kesi ya Meneja, ambayo ilikuwa inatembea yenyewe kwa miguu yake.

"Mwoshe," akashauri Mwalimu. "Bado mbichi, itatoka."

Wakamkamata kwa shuka. Nani amewahi kumwosha bata bukini ndani ya basi dogo? Aliuma kidole cha Msusi, akauma kitambaa cha kiti, akamtia Mwalimu bawa la uso. Na kwa kuwa tangi lilikuwa limejaa, kila tone lililomgusa Meneja ilibidi lipokewe. Likajaa beseni, ikajaa sufuria ya wali, ikajaa birika, ikajaa ndoo ya pili. Walipomaliza shampuu yote, wakamfuta, wakarudi nyuma kumtazama. Ile damu ya mzee ilikuwa imepungua. Sasa Meneja alikuwa wa waridi.

"Hapana," akasema Mwalimu baada ya kutafakari. "Bora alivyokuwa mwanzo."

Msusi akakaa kwenye ngazi na bata mapajani, akamkumbatia ili asitoroke. Mwalimu, kwa nia njema, akaanza kumpa mawaidha. Waseme Meneja ameangukia kwenye matunda. Wamfungie ndani mpaka giza, wamrudishe bandani, kesho watashangaa pamoja na wengine. Yeye Mwalimu hatasema kitu, ingawa kila aliyekuwa amesikia habari ya keki angejua kwamba hilo lilikuwa gumu kwake.

Nitasema ukweli, Msusi alilipima shauri hilo. Alilipima sawasawa. Aliona bosi wa Breki, akaona lori jipya, akaona kitanda kile nyuma ya basi na yeye peke yake juu yake, akingoja honi. Kosa lilikuwa lake, mkono ulikuwa wake, na adhabu yake ingekuwa ni mumewe kuondoka. Lakini pia alimjua Sista: mtu aliyetumia maisha yake kunusa vidonda vilivyofichwa chini ya bandeji. Mficha maradhi, kilio kitamfichua, na hapa maradhi yenyewe yalikuwa ya waridi na yanapiga kelele.

Hapo Breki akatokea, mtungi wa gesi begani.

Alisimama. Akalitazama shimo mbele ya mlango. Akazitazama ndoo, karai, sufuria na birika, vyote vimejaa maji mekundu na udongo. Akamtazama Mwalimu Mkuu aliyekuwa na kiatu kimoja. Mwisho akamtazama mkewe, akautua mtungi chini taratibu.

"Nisikilize kwanza," alisema Msusi.

"Nakusikiliza. Ila nielezeni tu huyu Meneja amevaa nini."

Akamweleza yote, tangu keki mpaka birika. Alitegemea kufokewa, angalau kuguniwa. Breki hakuguna. Alijikuna kidevu, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Msusi hakukielewa, kama mtu aliyebanwa na kicheko na jambo jingine kwa wakati mmoja.

"Nitasema nilikuwa mimi," alisema hatimaye. "Mimi tayari nina sifa. Nilishaua samaki."

"Hapana."

"Mama Watoto, nisikilize."

"Umenibebea mizigo ya kutosha na hilo lori lako. Huu ni wangu." Akasimama, akamweka bata vizuri kwapani, akapiga moyo konde, akaenda.

Sista alikuwa stoo, anakunja mashuka. Alipoona manyoya ya waridi, kama yaliyofutwa damu, hakuuliza swali. Aliacha shuka, akamchukua Meneja, akamlaza mezani, akaanza kuyapekua manyoya kwa vidole akitafuta jeraha, haraka na kwa upole, kama vile Meneja ameletwa kwa machela.

"Si damu," Msusi akasema. "Ni rangi ya nywele. Nilikuwa na beseni, mkono ukajisahau, nikamwagia nje. Ni mimi, Sista. Mume wangu hakuwepo."

"Rangi ya nywele ya nani?"

"Ya Mwalimu Mkuu."

Vidole vya Sista vikasimama. "Mwalimu Mkuu anapaka rangi?"

Msusi akaitikia kwa kichwa. Sista akalihifadhi hilo mahali fulani, maana umbea hauna cheo, kisha uso ukarudi kuwa wa wodini. "Bata atapona. Maji yako wapi?"

"Yapo."

"Yapo wapi?"

"Kwenye masufuria."

Wakatoka pamoja, Meneja akiwafuata nyuma kwa hasira. Breki alikuwa amevipanga vyombo vyote mbele ya gari, vikubwa nyuma, vidogo mbele, akasimama kando yake kama muuza maziwa. "Sista, mimi ndiye..." akaanza.

"Wewe ulikuwa mjini, umerudi na gari la gesi, nimekuona unashuka getini. Kaa kimya."

Sista alipiga magoti kwenye shimo alilochimba Msusi. Akashika udongo, akaunusa, akausugua kwenye kiganja. Akaifuata njia ya maji mpaka kwenye mfereji, akainama, akatazama muda mrefu. Alipitisha hata kitambaa cheupe kwenye majani ya ukingoni. Kilitoka na vumbi tu. Kisha akarudi, akayatazama mataulo, akayatazama masufuria, akamtazama Mwalimu Mkuu, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi na kiatu chake.

"Nilisema tone moja," alisema Sista.

"Ulisema," Msusi akajibu.

"Basi fungeni virago."

Msusi aliusikia moyo wake unashuka mpaka kwenye soli za viatu. Hakulia wala hakubembeleza. Alimgeukia mumewe amwombe samahani.

"Mnahamia kule," Sista akaendelea, akionyesha kidole juu, kwenye shimo la maji taka. "Hapa kijitoni mkono wako haukai, haujalelewa. Kule mtaegesha mlango ukitazamana na mfuniko, na ukiwa na mteja mfuniko uwe wazi. Mkono ukijisahau, ujisahau humo."

Breki ndiye aliyeelewa kwanza. "Tunabaki?"

"Mpaka msimu wa harusi uishe. Kunanuka kidogo upepo ukigeuka, lakini mtazoea, si nyinyi ndio watu wa kuzoea? Udongo huo mnauweka kwenye pipa la taka, msiumwage popote. Hapa mnafukia, mnapanda majani." Akamtazama Meneja, akashusha pumzi. "Na huyu atatembea hivyo mpaka anyonyoke. Kila mgeni ataniuliza, na kila mgeni nitamwambia."

"Kwa hiyo rangi haitoki?" Mwalimu Mkuu akauliza, akijishika nywele. Alikuwa na furaha isiyofichika.

Jioni, jua bado lipo, wakawa wameshahama. Breki alivaa glavu zake akamwaga maji ya chombo kimoja kimoja shimoni, akasuuza sakafu ya zege mpaka ikang'aa, akafunika. Msusi alisugua birika mara nyingi kuliko lilivyohitaji. Kisha wakakaa kwenye ngazi, bega kwa bega, maana ngazi ile haina nafasi ya kukaa vinginevyo. Upepo ukageuka. Sista hakuwa amedanganya.

"Mpigie bosi basi," alisema Msusi. Alijaribu kulisema kama jambo dogo. "Mwambie tumepata pa kukaa, asikungoje."

"Nilishamwambia."

"Saa ngapi? Tangu urudi ulikuwa na mimi hapa muda wote."

"Mchana, huko mjini. Kabla sijachukua gesi."

Msusi akamgeukia. Mchana, kabla ya gesi, kulikuwa hakuna aliyejua habari ya bata. Mchana, kabla ya gesi, Breki hakujua kama wataachwa pale au watafukuzwa tena. "Kwa hiyo uliponikuta hapa mlangoni, kazi ulikuwa umeshaikataa?"

"Nilikuwa sina kazi, sina akiba, nina mtungi tu."

"Na hukuniambia?"

"Nimemkuta mke wangu amekumbatia bata wa waridi, Mwalimu Mkuu ana kiatu kimoja, birika langu la chai limejaa rangi. Ningeanzia wapi?"

Msusi alitaka kucheka, akashindwa kuanza. "Si ulisema lori ni jipya?"

"Jipya kabisa. Bosi alikuwa mjini, akanipeleka gereji nikalione. Kiyoyozi, redio, kiti kinapanda na kushuka chenyewe. Nikapanda, nikashika usukani. Kisha nikatazama nyuma ya kiti, pale pa kulala dereva." Breki akavua glavu, akazikunja, akazikunjua. "Pametandikwa vizuri tu. Pana mto mmoja."

Msusi akaanza kulia pale pale, waziwazi, bila kujifuta, na mkono wake wa kuume ukamshika mumewe wenyewe kabla hajauambia. Wakakaa hivyo mpaka chai ikachemka ndani, ikaanza kumwagikia jikoni.

"Na kama Sista angetufukuza kweli?" aliuliza.

"Tungefukuzwa wote wawili," alisema Breki.